Yusuf Asiyefika kwa Farao

Mama mmoja wa usharika wetu hapa Tarime alinirudishia riwaya ya Peponi akiwa amechukia. "Baba Mchungaji," aliniambia, "Mungu yuko wapi humu?" Tunasoma watu saba, tukipokezana nakala mbili, na hakuna swali lililotukalisha muda mrefu kama hilo.

Peponi ni kazi ya Abdulrazak Gurnah, mzaliwa wa Zanzibar aliyepata Tuzo ya Nobel ya Fasihi mwaka 2021. Kwa Kiingereza ilitoka 1994. Ida Hadjivayanis akaifasiri, na Mkuki na Nyota wa Dar es Salaam wakaichapisha 2022. Yusuf ana miaka 12 pale baba yake anaposhindwa kulipa deni la mfanyabiashara Aziz na kumtoa yeye badala ya fedha. Haambiwi. Anadhani anasafiri na mjomba wake.

Msomaji wa Biblia anamtambua kijana huyu mara moja: ana sura nzuri, anaota ndoto, na mke wa bwana wake anamtamani. Lakini Yusufu wa Mwanzo anafika kwa Farao, na katika sura ya 50 anawaambia ndugu zake kwamba Mungu aliugeuza ubaya wao kuwa wema. Yusuf wa Gurnah hafiki huko. Mwishoni anakimbilia safu ya askari wa Wajerumani, na kitabu kinafungwa.

Nakiri nami nilichukia niliposoma mara ya kwanza. Sisi wahubiri tumezoea kukimbilia sura ya 50. Tunamwambia aliyeuzwa kwamba Mungu ana mpango, kabla hatujauliza ni nani aliyemuuza. Gurnah anatubakiza kwenye sura ya 37, shimoni, na hatupi ngazi. Hiyo ndiyo nguvu ya kitabu chake.

Kasoro naiona kwa Amina. Naye alitolewa kwa sababu ya deni, kisha Aziz akamwoa. Lakini tunamfahamu tukiwa tumechelewa sana, na maumivu yake tunayasikia zaidi kwa midomo ya wanaume. Natamani mwandishi angempa nafasi ya kutosha, maana kwetu Amina ndiye tunayemfahamu. Wapo mabinti wa Tarime na Serengeti wanaokimbilia nyumba salama za Masanga na Mugumu msimu wa ukeketaji unapofika, wakijua kwamba baada ya wembe zinakuja ng'ombe za mahari.

Jioni ya mwisho mzee mmoja wa kanisa, aliyekuwa kimya wiki zote, alisema: "Baba wa Yusuf simlaumu upesi. Ng'ombe nilizopokea nimeshazisahau. Binti yangu hajasahau." Hakuna aliyemjibu. Nami sikuomba sala ndefu.

Tangu hapo nimempa yule mama jibu langu, ingawa sijui kama limemtosha. Tunapouliza Mungu yuko wapi, tukumbuke kwamba katika Mwanzo 4 yeye ndiye anayeuliza kwanza, na anamuuliza Kaini ndugu yake yuko wapi. Riwaya hii inarudia swali hilo. Someni Peponi, wapendwa, hasa ninyi akina baba, kabla hamjaketi kuzungumzia mahari.