Herufi Nzito za Mlazo na Neno Refu la Kiswahili: Tathmini ya Fonti ya Cooper Black Italic

Utangulizi

Uhakiki wa matini za Kiswahili umezoea kulichunguza neno na kumwachia mchapaji umbo la herufi. Mgawanyo huo una kasoro. Msomaji hakutani na neno tupu. Hukutana na neno lililokwisha kuvikwa umbo, na umbo hilo laweza kukipa nguvu kijenzi kimoja cha maana na kukififisha kingine. Makala haya yanalijadili suala hilo kupitia fonti ya Cooper Black Italic, na yanajenga hoja kwamba uzuri wa fonti hiyo katika maandishi makubwa hautoshi kuthibitisha ufaafu wake kwa sarufi ya Kiswahili.

Asili mbili

Italiki na herufi zilizokolezwa hazikuzaliwa pamoja. Mwaka 1501, huko Venice, Aldus Manutius alichapa kazi za Virgil kwa italiki iliyochongwa na Francesco Griffo kwa kuiga mwandiko wa mkono. Kitabu kizima kilichapwa hivyo. Lengo halikuwa kusisitiza neno lolote. Ukolezaji, kwa upande wake, ulishamiri katika karne ya 19, matangazo ya biashara yalipogombea macho ya wapita njia. Fonti ya Clarendon, iliyotolewa London mwaka 1845, ilionyesha kuwa neno zito laweza kukaa ndani ya mstari wa kawaida na kuonekana mara moja. Kwa hiyo, fonti nzito ya mlazo hubeba tabia mbili zisizofanana: wepesi wa mkono uandikao na kishindo cha tangazo.

Usanifu na matumizi

Oswald Cooper, aliyezaliwa Ohio mwaka 1879, alifanya kazi Chicago akichora herufi za matangazo. Kampuni ya Barnhart Brothers & Spindler ilitoa Cooper Black ya wima mwaka 1922, na ya mlazo ikafuata katika mwongo huohuo. Cooper aliupatanisha mgongano uliotajwa kwa kuviringa serifi, yaani vile vikono vya mwisho wa mistari, badala ya kuzichongoa. Uzito ukabaki, ukali ukaondoka. Aidha, hakuinamisha tu herufi za wima. Herufi ndogo zilichorwa upya zifuate mwendo wa kalamu. Hapa ndipo penye ustadi wake.

Hata hivyo, ustadi huo una gharama. Mistari minene humeza nafasi iliyo ndani ya herufi, hivyo matundu ya a na e hubaki madogo. Herufi zenyewe ni pana, na neno huchukua nafasi kubwa katika mstari. Matumizi mashuhuri ya Cooper Black yanathibitisha mipaka hiyo: jalada la albamu ya Pet Sounds ya Beach Boys mwaka 1966, na nembo ya shirika la ndege la easyJet. Katika mifano yote miwili maneno makuu ni machache na mafupi, na umbo lililochaguliwa ni la wima.

Fonti mbele ya sarufi

Kiingereza, lugha ya mazingira ilimozaliwa fonti hii, mara nyingi huweka ukanushi katika neno linalojitegemea. Mchapaji aweza kulikoleza neno hilo peke yake na kuyaacha mengine. Kiswahili hutia ukanushi ndani ya kitenzi. Katika “usivuke”, katazo lote limo katika silabi -si-. Anayelikoleza na kulilaza neno hilo hukoleza kuvuka sawasawa na kukataza kuvuka.

Tatizo huwa kubwa zaidi katika vitenzi rejeshi. “Waliosajiliwa” na “wasiosajiliwa” yana herufi 13 kila moja, na herufi moja tu ndiyo inayoyatofautisha. Yakichapwa kwa fonti pana, mbunifu hulazimika kupunguza ukubwa au kuzibana herufi ili neno litoshe kwenye mstari. Matundu huzidi kuziba, na herufi inayobeba maana yote haipati msaada wowote. Anayesoma kwa mbali, mlangoni au barabarani, aweza kujiunga na foleni isiyo yake. Kosa hilo si la msomaji, wala si la Cooper, ambaye hakuichorea Kiswahili fonti yake. Ni la uamuzi uliotazama mvuto peke yake.

Hitimisho

Tathmini hii haipendekezi kuzitupa herufi nzito za mlazo. Kichwa cha tamthilia, jina la tamasha au neno “Karibuni” hupata uchangamfu kutokana nazo. Katika matangazo yenye amri, suluhisho limo katika sarufi yenyewe: Kiswahili kina maneno yanayojitegemea kama “marufuku”. Mwandishi anayeanza na “Marufuku kuvuka” humpa mchapaji neno moja la kukoleza, na mkazo huangukia palepale penye maana. Kwa hiyo, uchaguzi wa fonti haupaswi kusubiri hadi matini ikamilike. Mwandishi na mchapaji wauamue pamoja, sentensi ikiwa bado yaweza kubadilishwa.