Kikisha kuuzishwa, hakirudi

Leo sichambui kitabu. Ninachambua sentensi moja na tangazo linaloibeba, kwa sababu tangu tumalize iniversite, maandishi ya namna hiyo njo tunasoma kila siku. Sentensi yenyewe ni hii: «Kikisha kuuzishwa, hakirudi.» Wengine wanaiacha katika Kifaransa, vile iko chini ya fakitire za magazini: «Les marchandises vendues ne sont ni reprises ni échangées.» Hapa Lubumbashi, kwenye grupu za WhatsApp na kwenye Facebook, finalisti anayeuzisha ordinatere yake, telefone, friji ndogo ao matelasi anamaliza tangazo lake na maneno hayo, kama vile sala inamalizwa na amina.

Ninasema hivi: sentensi hiyo, vile tunaitumia, haimlindi mwenye kuuzisha. Inampa paka usingizi wa siku 3, mpaka kiliya apige simu.

Tuangalie kwanza ilitoka wapi. Ukienda kununua ampuli dukani, mwenye duka anaitoa katika karto, anaichomeka, unaiona inawaka kwa macho yako. Ukinunua radio, anaifungua, unasikia sauti. Kisha unalipa, na yeye anapiga kashe kwenye fakitire. Sentensi ile inakuja nyuma ya kipimo. Inasema: tumepima pamoja, umeona, basi mambo yamekwisha. Unaweza kuikubali ao kuikataa, lakini ina mguu wa kusimamia.

Sasa angalia vile sisi tunauzishana. Picha 3, moja yake imechukuliwa usiku. Mazungumzo ya sauti. Tunapatana kukutana kando ya barabara, kwa sababu kila mtu anaogopa kumpeleka mwenzake nyumbani. Batri iko na asilimia 20, hakuna mahali pa kuchomeka, jua linawaka, ekra haionekani vizuri. Dakika 10, makuta yanatumwa kwa telefone, kila mtu anashika njia yake. Tulichukua sentensi ya duka, tukaacha kipimo cha duka.

Tuje kwenye tangazo. Karibu yote yanafanana: «Inauzishwa, propre, 10/10, haina panne, bei ya kuzungumuza, asiye serieux ajizuie.» Ukilisoma kama maandishi mengine tuliyofundishwa kusoma, utaona kitu cha ajabu: karibu kila neno linasema juu ya watu, hakuna linalosema juu ya kitu. «Propre» ni hisia ya mwenye kuuzisha. «10/10» ni alama aliyojipa mwenyewe, kama mwanafunzi anayesahihisha mtihani wake. «Asiye serieux» ni tusi dogo kwa mtu ambaye hajafika bado. «Haina panne» peke yake njo inagusa kitu, na ni neno kubwa sana kwa mashini ya miaka 4 ambayo imepitia umeme unaokatika na kurudi kwa nguvu.

Mambo ambayo mnunuzi anahitaji hayamo. Batri inashika saa ngapi? Fundi aliwahi kuifungua? Ekra ni ile ya kwanza ao ilibadilishwa? Akaunti ya mwenye kuuzisha imetolewa ndani? Hili la mwisho peke yake limevunja urafiki mwingi: iPhone inayobaki imefungwa kwa akaunti ya mwenyewe wa zamani, mnunuzi akiifuta na kuianzisha upya, inamuomba neno la siri ambalo hana. Hapo mkononi ana kipande cha kioo cha kujiangalilia. Na swali la mwisho: kwa nini unauzisha? Jibu linaweza kuwa rahisi kabisa, «ninatafuta makuta ya nyumba», lakini nalo haliandikwi.

Ninajua jibu la wengi wetu, nimelisikia mara nyingi: «Ukisema kasoro, bei inaanguka.» Ni kweli, na sitaficha ukweli huo. Tuchukue mfano wa ordinatere inayoombwa dola 180. Ukiandika kwamba batri inashika dakika 40 na kwamba touche 2 za klavye hazishike vizuri, watakupa labda 140. Dola 40 kwa mtu asiye na kazi ni mambo makubwa: ni nauli ya kutafuta kazi, ni unga wa nyumba. Lakini hesabu haiishi siku ya kuuzisha. Zile dola 180 zikishaingia, zinatoka siku ile ile: mwenye nyumba anangojea, mdogo anadaiwa makuta ya masomo. Siku ya 3 kiliya anaandika: «Ndugu, mashini inazima. Nirudishie makuta yangu.» Sasa unatafuta 180 ambazo hauna tena, kwa mtu mwenye hasira ambaye naye alikopa ili akulipe. Dola 140 zilizosemwa wazi ni zako. Dola 180 zilizopatikana kwa kunyamaza ni deni ambalo tarehe yake haujui.

Na hilo si maneno ya padiri ao pasta peke yake. Sheria yetu ya mapatano, ambayo msingi wake ni dekre ya 30/07/1888, ya wakati wa Leopold II, inasema hivyo tangu babu zetu. Mwenye kuuzisha anajibu juu ya kasoro zilizofichika ambazo zinafanya kitu kisifae kwa kazi yake, ao zinapunguza faida yake kiasi kwamba mnunuzi asingekinunua ao angelipa kidogo zaidi. Hajibu juu ya kasoro ambazo mnunuzi angeweza kuziona mwenyewe. Mnunuzi anaweza kuchagua: arudishe kitu apewe makuta yake, ao akibakishe na sehemu ya bei irudi. Kama mwenye kuuzisha alijua kasoro akanyamaza, anarudisha bei na anaweza kulipa hasara juu yake. Mnunuzi naye hana ruhusa ya kulala: lazima alalamike haraka.

Sasa sikilizeni sehemu inayotuhusu zaidi. Sheria hiyo hiyo inakubali kwamba watu wapatane mapema kuwa hakuna garanti. Kumbe «hakirudi» inaweza kufanya kazi! Ndiyo, lakini kwa nani? Kwa yule ambaye hakujua kasoro. Yule aliyejua akaficha, sentensi haimsaidii. Njo maana ninasema tunaitumia kinyume: anayeiandika kwa herufi kubwa na alama 3 za mshangao mara nyingi njo yule anayejua kitu, na sheria imekwisha kumfungia mlango huo. Yule mwenye moyo safi, ambaye ingemfaa, anasahau kuipatana na kiliya wake, anaibandika tu chini ya picha.

Lakini nisiwe upande mmoja. Wako wanunuzi ambao nao wanajua kucheza. Anachukua telefone yako nzima, anaitumia juma moja, anaiangusha, fundi anaifungua, kisha anarudi: «Uliniuzishia kitu kibovu.» Mwingine anarudisha mashini ambayo ndani yake batri si ile uliyompa. Mwingine amepata bei nzuri mahali pengine, anatafuta tu sababu. Mbele ya watu kama hao, neno «hakirudi» ni silaha ya karatasi, kwa sababu swali la juji ni lingine: kasoro ilikuwako mbele ya kuuzishwa ao ilikuja nyuma? Ni mnunuzi anayepaswa kuonyesha kwamba ilikuwako. Na wewe, una nini cha kumjibu? Kama una picha 3 na «10/10», hauna kitu.

Kisha kuna njia mbaya ambayo pande zote zinaikimbilia: OPJ. Nimeona mambo haya mtaani mara nyingi, na yanafuata karibu njia moja. Mnunuzi anatoa mashtaka ya «escroquerie». Mwenye kuuzisha anaitwa, anaogopa kulala ndani, familia inachanga. Kitu chenyewe kinabaki kule kama ushahidi, hakuna anayekitumia. Mwishoni makuta ya nauli, ya karatasi na ya «kuongea vizuri» yanapita bei ya telefone. Wasomi wa sheria kati yetu wanajua kwamba escroquerie inahitaji ujanja wa kumdanganya mtu ili atoe mali yake: jina la uongo, cheo cha uongo, hila zilizopangwa. Batri iliyochoka haitoshi. Ugomvi wa kurudisha makuta ni mambo ya madai, mahali pake ni tribinali ya amani, kama wazee ao marafiki wameshindwa kupatanisha. Na Congo iliingia tangu 1976 katika mapatano ya kimataifa ya haki za raia na za kisiasa, ambayo yanakataza kumfunga mtu kwa sababu tu ameshindwa kutimiza mkataba. Tuliosoma tukiwa wa kwanza kupeleka deni kwa polisi, nani atawaambia wengine waache?

Basi, badala ya sentensi ile, mimi ninapendekeza maandishi mengine. Ni marefu kidogo, lakini yanaingia katika ujumbe mmoja wa WhatsApp, mbele makuta yatumwe. Tangu ordonanse ya 13/03/2023 juu ya code du numérique, maandishi ya kielektroniki yanatambuliwa na sheria yetu, kwa hiyo ujumbe huo si maneno ya hewa. Andika hivi, kwa mfano:

«Ninakuuzishia telefone hii kwa dola 90. Nambari yake ya IMEI ni hii. Ekra ilibadilishwa mwaka jana. Batri inashika nusu siku. Kasoro nyingine siijui. Tumeipima pamoja leo: sauti, kamera, chaji, mtandao. Akaunti yangu nimeitoa mbele yako. Una siku 3 za kuijaribu bila kuifungua kwa fundi. Kukiwa kasoro ambayo sikuitaja, utarudisha na nitarudisha makuta. Nyuma ya siku 3, hakirudi. Ukikubali, jibu: ndiyo.»

IMEI inapatikana kwa kupiga *#06#, haiombi ufundi. Nambari hiyo inamzuia mtu kukurudishia telefone nyingine. Orodha ya kasoro inamzuia kukuambia ulificha. Siku 3 zinakukumbusha wewe mwenyewe usitumie makuta yote usiku ule. Na kukutana, tuchague mahali penye umeme, hata kwa mtu anayechaji telefone za watu, tumlipe kidogo atuachie priz kwa nusu saa.

Neno «hakirudi» bado limo, mmeliona. Sikulifuta. Nimelirudisha tu mahali pake pa dukani, nyuma ya kipimo. Wenye kusimamia grupu zetu za kuuzishana wanaweza kuanza na kanuni moja: tangazo lisilotaja hata kasoro moja ya kitu cha okazyo lisipite. Kitu kilichotumika miaka 4 bila kasoro hata moja, mwenyewe asingekiuzisha.