Nyutro Moja kwa Vyanzo Viwili

Kuingiza inveta ya sola katika meini swichi ya nyumba ambayo tayari inatumia umeme wa TANESCO ni kazi yenye hatua nyingi, na makosa mengi ndani yake hurekebishika kwa urahisi, isipokuwa uamuzi mmoja unaoiharibu kazi yote: kuhamishia laivu peke yake upande wa inveta, huku nyutro za saketi zote zikiachwa kwenye baa ileile zilipofungwa siku ya wayaringi. Katika mji kama Nyashimo, makao makuu ya Wilaya ya Busega kando ya barabara ya Mwanza–Musoma, ambako mwenye nyumba huweka sola ili taa na friji visizimike gridi inapokatika, uamuzi huo hutetewa kwa hoja kwamba nyutro haina umeme. Hoja hiyo ni ya uongo, na inastahili kukataliwa kila inapotamkwa.

Nyutro, yaani waya unaorudisha mkondo kwenye chanzo chake, huwa tulivu kwa sababu TANESCO imeiunganisha na ardhi kwenye transfoma, si kwa sababu ya jina lake. Inveta inayoendeshwa na betri ni chanzo kingine kabisa, na katika aina nyingi za bei nafuu zisizo na transfoma hakuna waya wa kutokea ulio karibu na volti ya ardhi, bali kila mmoja unaweza kuwa na takriban nusu ya volti 230. Kuufunga mmoja wao kwenye nyutro ya TANESCO ni kuusukuma ardhini kwa nguvu, na pale ambapo hasi ya betri nayo imeunganishwa na ethi, kinachofuata ni shoti inayoua inveta.

Madhara ya pili hujitokeza kwenye RCCB, ile swichi inayolinganisha mkondo unaotoka kwa laivu na unaorudi kwa nyutro, na kukata tofauti inapofikia miliampia 30. Laivu ya saketi ikitoka kwenye inveta huku sehemu ya mkondo wake ikirudi kupitia baa ya nyutro ya upande wa gridi, RCCB ya upande huo huona mkondo unaorudi bila kuwa umetoka, na kwa kuwa taa moja ya wati 10 huvuta takriban miliampia 43, kuwasha taa hiyo moja kunaweza kutosha kuizima. Fundi huitangaza swichi kuwa mbovu, huiruka kwa kipande cha waya, kisha hukabidhi kazi. Ni tendo lisilosameheka, kwa maana nyumba inayotegemea fimbo yake ya ethi yenye ukinzani wa omu 50 itapitisha ampia 4.6 tu laivu inapogusa bodi ya friji, na breka ya ampia 20 haitashtuka hata kidogo. Inveta ya kVA 5, ambayo uwezo wake wote ni takriban ampia 22, haiwezi kutoa ule mkondo mkubwa wa ghafla ambao breka huusubiri.



Haja ya kuhamisha laivu na nyutro kwa pamoja iliwahi kufahamika. Wakati wa mgawo wa umeme wa 2006, na tena wa 2011, jenereta zilipoingia majumbani, mafundi wazuri wa zama zile walifunga chenji ova ya mkono yenye nafasi tatu, TANESCO juu, jenereta chini na kuzima katikati, ambayo ilikata laivu na nyutro kwa pamoja kabla ya kugusa chanzo kingine. Kifaa hicho kizito, kisicho na kioo wala taa za rangi, kilikuwa na akili kuliko swichi nyingi za kujiendesha zinazouzwa leo zikiwa na nguzo moja tu, yaani zinazokata laivu peke yake.

Njia sahihi ni kuzitoa saketi za sola kwenye meini swichi ya zamani jozi kwa jozi, laivu na nyutro yake, na kuzipeleka kwenye kisanduku cha pili chenye baa yake ya nyutro na RCCB yake baada ya inveta, huku ethi ikibaki moja kwa nyumba nzima. Muunganiko wa nyutro na ethi upande wa inveta hufuata maelekezo ya mtengenezaji, kwa kuwa RCCB mpya haiwezi kuihisi hitilafu ya ardhini ikiwa mkondo hauna njia ya kurudi kwenye chanzo. Ugumu halisi uko katika nyumba za zamani ambamo saketi ya taa imeazima nyutro ya soketi, kwani nyutro hizo lazima zifuatiliwe dari hadi dari na kutenganishwa kwanza, kazi inayoweza kumaliza siku nzima. Siku hiyo ndiyo inayokwepwa, na bei ya kazi inayoonekana nafuu sana mara nyingi imeiondoa siku hiyo kwenye hesabu.