Majani Mengi, Chuma Kilekile

Mwaka 2014 lilichapishwa jaribio ambalo kila anayemhimiza mjamzito ale mboga za majani kwa wingi anapaswa kulifahamu. Watafiti walichukua mlo wa kila siku wa Burkina Faso: tô, ugali mlaini wa mahindi, kwa mchuzi wa mchicha au mlenda. Kisha wakaongeza majani kwenye mchuzi. Chuma kilichoingia mdomoni kiliongezeka, lakini kilichofyonzwa na miili ya wanawake vijana walioula mlo huo hakikuongezeka.

Matokeo hayo yanauma, kwa sababu majani ndiyo mboga ambayo mama wa kijijini anaimudu bila kwenda sokoni. Hata hivyo hayasemi kwamba chakula cha asili cha Afrika Magharibi hakitibu upungufu wa damu. Yanatuonyesha kwamba tumekuwa tukihesabu chuma kilichomo kwenye jani na kuishia hapo, wakati hesabu yenyewe inaanzia kwenye utumbo.

Walijuaje? Karibu asilimia 92 ya chuma chote duniani ni isotopu yenye uzito wa 56. Isotopu ya 57 ni asilimia 2 tu na kitu, na ile ya 58 haifiki hata nusu ya asilimia 1. Hizi hazina mionzi, hivyo hata mama anayenyonyesha anaweza kuzila bila madhara. Mtafiti huchanganya chuma cha 57 kwenye mlo uliopimwa, na mlaji anaumaliza wote. Baada ya siku 14 anatolewa damu kidogo. Kufikia hapo chuma kilichofyonzwa kimeshafika kwenye uboho na kujengwa ndani ya chembe nyekundu mpya, na mashine ya kupima uzito wa atomi inaonyesha 57 imezidi kiwango chake cha kawaida kwa kiasi gani.

Kinachokizuia chuma cha mboga na nafaka ni hasa fitati, ambayo ndiyo akiba ya fosforasi ndani ya mbegu. Hukishika chuma tumboni kisipenye ukuta wa utumbo. Majani nayo yana polifenoli zinazofanya kazi kama hiyo, kwa hiyo anayeongeza majani anaongeza chuma pamoja na vizuizi vyake. Chuma cha nyama, ini na samaki kina njia yake ya kupita na hakisumbuliwi sana na fitati. Tena kipande kidogo tu cha samaki huwezesha hata chuma cha mboga kufyonzwa vizuri zaidi.

Hapa ndipo jiko la Afrika Magharibi linapostahili kuangaliwa kwa makini, kwa kuwa linajua kupambana na fitati tangu zamani. Uji wa ogi wa Nigeria na Benin, na koko ya Ghana, hupikwa kwa mahindi, uwele au mtama uliolowekwa, ukasagwa mbichi na kuachwa uchachuke. Uchachu unaamsha vimeng'enya vinavyovunja fitati. Ila kuna hasara: uji huo huchujwa kwa kitambaa, na makapi yanayotupwa huondoka na fitati pamoja na sehemu kubwa ya chuma chenyewe. Kwa mtoto anayetegemea uji huo pekee, ulaini unapatikana kwa gharama kubwa.

Soumbala ni kisa kingine, na nionavyo mimi ndicho kiungo kinachodharauliwa kuliko vyote. Wayoruba wanakiita iru, Wahausa dawadawa. Mbegu za mti wa nere huchemshwa kwa saa nyingi sana, maana ganda lake ni gumu. Wanawake huzitwanga kwenye kinu hadi ganda litoke, huzisuuza, huzichemsha tena, kisha huzifunika kwa siku mbili tatu. Bakteria wa jamii ya Bacillus hufanya kazi yao mpaka mbegu zinakuwa nyeusi, zinavutika utando, na harufu yake inasikika kutoka mlangoni. Ganda limeondoka, protini imelainishwa, na mchuzi unapata ladha bila vile vipande vya kiungo cha mchuzi vya dukani vilivyojaa chumvi.

Kisha kuna ubuyu. Senegal huchanganya unga wa ubuyu, siagi ya karanga na uwele kwenye ngalax, chakula ambacho Wakristo hukitengeneza wakati wa Pasaka na kuwagawia majirani zao Waislamu. Vitamini C ya ubuyu huvunja nguvu ya fitati, ilimradi unga huo utiwe baada ya chungu kuepuliwa, kwani moto huiharibu vitamini hiyo. Juisi ya bissap, yaani ya rosela, husifiwa kwamba inaongeza damu kwa kuwa ni nyekundu, lakini wekundu huo ni wa anthosiani, ambazo nazo ni jamii ya polifenoli. Na ataya, ile chai kali ya kijani inayochemshwa juu ya mkaa kwa awamu tatu, ikinywewa mara tu baada ya chakula, tanini zake hukishika chuma cha mlo mzima. Isogezwe mbele saa moja au mbili.

Hata hivyo, jiko peke yake halitoshi. Mwaka 2010 yalichapishwa matokeo kutoka Benin ambayo nayaona kuwa mazito kuliko yote. Wanawake waliokuwa na vimelea vya malaria bila homa, wakiendelea na kazi zao kama kawaida, walilishwa mlo wa mtama wenye chuma cha 57. Walifyonza asilimia 10 hivi. Wakatibiwa malaria, wakala mlo uleule, wakafyonza zaidi ya asilimia 17. Mwili unapopambana na maambukizi, ini hutoa homoni ya hepsidini, na homoni hiyo hufunga mlango wa chuma kwenye utumbo. Mama huyo anaweza kula vizuri mwezi mzima na damu isipande.

Pemba inajua upande wa pili wa jambo hili. Jaribio lililochapishwa mwaka 2006 lilikuta kwamba watoto waliopewa vidonge vya chuma na foliki asidi bila kuchaguliwa walilazwa hospitali au kufariki zaidi ya wenzao, na utoaji huo ulisimamishwa. Sasa Shirika la Afya Duniani linataka chuma kitolewe sambamba na kinga na tiba ya malaria. Kwa hiyo kipimo kinatangulia: himoglobini, malaria, minyoo ya safura. Mjamzito asiache vidonge vyake vya kila siku, miligramu 30 hadi 60 za chuma, kwa kutegemea mchuzi.

Kwa mwanamke asiye mjamzito hesabu ni hii. Mwanamke anayepata hedhi anahitaji kufyonza takriban miligramu 1.5 kwa siku. Katika jaribio jingine la Benin, la mwaka 2013, milo ya uwele wa kawaida iliwapa wanawake nusu miligramu hivi kwa siku. Uwele wa mbegu zilizochaguliwa kwa wingi wa chuma uliwapa zaidi kidogo ya miligramu 1, na unga uliotiwa chuma kiwandani karibu 1.9. Uwele wa mbegu hizo hupikwa chungu kilekile, kwa mchuzi uleule, na pengo linalobaki ni dogo kiasi cha kuzibwa na samaki, ubuyu na chai iliyosogezwa mbele.