Nani Asimame Katikati?

Jemadari akigeuzwa shaba hapotezi kitu: kusimama wima na kutazama mbali ndiko alikozoea kuonekana. Mwanamuziki hupoteza karibu yote yaliyomfanya akumbukwe, yaani sauti, mwendo na watu wa kumwitikia. Kwa hiyo, mbele ya sanamu yake, kufanana kwa sura si hoja kubwa. La kuulizwa ni mchongaji amefidia nini.

Freddie Mercury alizaliwa Mji Mkongwe, Zanzibar, mwaka 1946. Sanamu yake, kazi ya Irena Sedlecká, ilizinduliwa Montreux, Uswisi, mwaka 1996. Ngumi iko juu, kipaza sauti kiko mkononi, uso unaelekea ziwani. Jukwaani, ngumi ile ilikuwa amri, na maelfu waliitii kwa sauti moja. Hapa inaamrisha maji. Ishara imehifadhiwa kwa ufundi, lakini waliokuwa wakiipokea wameachwa nje ya kazi.

Kingston, Jamaika, mwaka 1983, Christopher Gonzales alithubutu zaidi. Alimchonga Bob Marley akichipuka kutoka kwenye shina la mti, mizizi ikichukua nafasi ya miguu. Mashabiki walikasirika, sanamu ikaondolewa, na baadaye Alvin Marriott akatoa Marley mwenye gitaa anayetambulika mara moja. Gonzales alitaka kuchonga muziki; Marriott alichonga mwanamuziki. Ninamheshimu wa kwanza, ingawa naye aliubebesha mwili wa mtu mmoja mizizi ya umma mzima.

Sasa tuje Bujumbura, Burundi, mtaa wa Kigobe, lilipo Bunge la Taifa. Tuseme pametengwa uwanja wa kuwaenzi wanamuziki. Majina hayatakosekana: yupo Khadja Nin, aliyeimba Sambolera kwa Kiswahili ikasikika hadi Ulaya mwaka 1996, yupo Kidum, aliyejijengea jina Nairobi. Lakini kabla ya kupima nyuso, mchongaji atazame umbo ambalo Burundi tayari inalo.

Abatimbo, yaani wapiga ngoma, huingia ngoma zikiwa vichwani, wakipiga huku wakitembea. Wakizitua, ngoma hizo, ambazo idadi yake huwa witiri, hupangwa nusu duara, na inkiranya, ngoma inayoongoza, hukaa katikati. Ngoma za amashakwe hushikilia mdundo usioyumba. Zile za ibishikizo hufuata inkiranya inakoelekea. Mpigaji hutoka kwenye safu, huruka, hucheza, huongoza, kisha humpisha mwenzake na kurudi alikotoka. Katikati pana ukuu, lakini hapana mwenyewe. Mpangilio huu ndio unaofanya sifa ya anayeruka itegemee uthabiti wa wasioruka: wapigaji wa amashakwe wakitetereka, shujaa wa katikati hana pa kutua. Sanamu ya mtu mmoja juu ya jukwaa la mawe huuficha uhusiano huo. Nusu duara huuweka wazi kwa kila mtazamaji.

Umbo hili lina kasoro zake. Ya kwanza ni kwamba humeza majina. Mwimbaji Joni Mitchell alipotumia rekodi ya ngoma hizi katika wimbo The Jungle Line mwaka 1975, kilichosafiri duniani ni jina la Burundi, si la mpigaji yeyote. Ya pili ni ya mamlaka. UNESCO iliuorodhesha urithi huu mwaka 2014; Oktoba 2017 amri ya rais ikawakataza wanawake kupiga ngoma hizo. Katikati hupokezanwa, ndiyo, lakini na wale tu waliokwisha kuruhusiwa kuingia kwenye safu.

Kwa hiyo uwanja wa Kigobe uchukue mpangilio na kurekebisha kasoro zake. Ngoma za shaba zikae chini, usawa wa mpita njia, bila jukwaa la kuwainua wachache. Kila moja ichorwe jina la mwanamuziki, na majina ya waliompigia vyombo yaandikwe kwa herufi zenye ukubwa uleule. Katikati iwekwe ngoma halisi, ya mti na ngozi, ibadilishwe kila inapochakaa. Hapo sanamu itakuwa na kile kilichokosekana Montreux: mtu wa kuitikia. Itabaki kuamuliwa ni nani anayeruhusiwa kuishika fimbo, na hilo si la mchongaji. Ni la wabunge, nao watakuwa majirani wa uwanja huo.