Mechi ya Magoli Manne

Watu wengi, wakisha kuambiwa matokeo ya mchezo, hudhani wamekwisha kuujua mchezo wenyewe. Hesabu ikiwa kubwa, husema mchezo ulikuwa mzuri. Ikiwa ndogo, husema wachezaji hawakuwa na lolote. Tarehe 27 Novemba 2022, katika uwanja mpya wa Springfield, jimbo la Queensland nchini Australia, timu ya wanawake ya Melbourne iliishinda timu ya Brisbane kwa pointi 19 kwa 15, ikatwaa ubingwa wa ligi. Mechi nzima ilikuwa na magoli manne tu, mawili kila upande. Wako wasemao kwamba hesabu kama hiyo ni ushahidi wa kutosha kuwa wanawake hawauwezi mchezo huo. Mimi naona kwamba wasemao hivyo wametazama ubao wa matokeo, wakasahau kuutazama uwanja.

Yafaa kwanza tuueleze mchezo wenyewe, maana haufanani na mpira wa miguu tuujuao. Uwanja wake una umbo la yai, na urefu wake huweza kufika mita 185. Mpira nao umechongoka ncha mbili. Katika kila mwisho wa uwanja husimama nguzo nne, na hapana wavu wala mlinda lango. Mpira uliopigwa teke ukapita kati ya nguzo mbili ndefu ni goli, nalo huhesabiwa pointi sita. Ukipita kati ya nguzo ndefu na ile fupi iliyo kando yake, ni pointi moja tu. Mchezaji aweza kuudaka mpira kwa mikono, kuupiga teke, au kumpa mwenzake kwa kuupiga ngumi, kuurusha hakuruhusiwi. Na maadamu anao mkononi, mpinzani aweza kumkaba na kumwangusha. Wanaume hucheza 18 kila upande. Wanawake, katika ligi yao iliyoanza mwaka 2017, hucheza 16.

Lakini kanuni iliyo kubwa kwa habari yetu ni ile isiyokuwapo: katika mchezo huu hakuna kuotea. Mchezaji aweza kusimama popote apendapo, mbele ya mpira au nyuma yake. Fikiri sasa, msomaji, kocha mwenye hofu atafanya nini. Atawarudisha watu wake kumi, kumi na wawili, au hata wote 16, wajaze nafasi iliyo mbele ya nguzo zao. Mshambuliaji ajapo na mpira haoni mwenzake aliye peke yake. Aona msitu wa mikono tu. Akipiga mbali, walinzi watatu waruka kuudaka. Akisita, akabwa. Hapo magoli hukauka, na hayakauki kwa sababu ya udhaifu wa miguu ya mtu.

Mashtaka ya kurundikana hivi hayakuanza Springfield. Mwanzoni mwa msimu wa 2018, baada ya mechi ya ufunguzi kuwa na magoli machache, wasimamizi wa ligi waliwaandikia makocha wakiwataka wawaache wachezaji kadhaa mbele, ili mchezo upate kufunguka. Baadaye ikawa kanuni: mpira unapoanzishwa katikati, kila timu sharti iwe na watu watano mbele, sita katikati na watano nyuma. Wengine walilichukua jambo hili kuwa dalili ya upungufu wa wanawake. Wasilolitaja ni kwamba mwaka 2019 ligi ya wanaume nayo iliwekewa kanuni ya namna hiyo hiyo, sita mbele, sita kati, sita nyuma, kwa kuwa wanaume pia walikuwa wakirundikana. Hata hivyo kanuni hizi hushika wakati wa kuanzisha mpira tu. Mpira ukisha kutoka katikati, kila mtu huenda alikotumwa na kocha wake.

Sikusudii kusema kwamba kila msongamano ni ufundi. Kuna timu ambazo wachezaji wake wote huufuata mpira kama kuku wafuatao mtama, huku uwanja uliobaki ukiwa mtupu. Hiyo ni ghasia, wala haina sifa. Mpango hujulikana kwa alama nyingine: mmoja aenda kwenye mpira, wa pili asimama hatua chache nyuma yake kuungoja utakapoangukia, wa tatu aziba njia ya teke refu, na walio mbali hawasogei ovyo. Mcheza bao atanielewa. Akose kete za kula, atatakata, na asiyeujua mchezo atadhani amecheza bure. Kumbe anahamisha kete ili mwenzake naye asipate cha kula.

Tutazame basi hesabu ya Springfield kwa jicho hilo. Melbourne walipata magoli mawili na pointi moja-moja saba. Brisbane walipata magoli mawili na pointi moja-moja tatu. Kwa hiyo mpira ulivuka mistari ya nguzo mara 14 tu katika robo nne za mchezo. Asiyefikiri atasema Melbourne walikosa shabaha mara saba. Huenda baadhi yalikuwa makosa ya shabaha kweli. Lakini mlinzi hodari hapendi kumwacha mshambuliaji apige akiwa mbele ya nguzo kabisa. Humsukumia pembeni, ambako lango huonekana jembamba. Tena, mlinzi aliyebanwa aweza kuusukuma mpira mwenyewe upite kwenye mstari, akitoa pointi moja ili aokoe sita. Na baada ya pointi moja, mpira haurudi katikati kama baada ya goli. Huwa mali ya walinzi, nao huupiga kutoka langoni mwao. Hapo ndipo kazi mpya inapoanza kwa upande ulioshambulia: sharti wajipange mara moja kama wavu uliotandazwa, ili teke hilo lisipate mahali pa kushukia. Timu iwezayo kufanya hivyo humfungia mwenzake nyumbani kwake.

Ushahidi mkubwa kuliko wote ni tuzo. Mchezaji bora wa siku ile alichaguliwa Shannon Campbell wa Brisbane. Alikuwa mlinzi, na timu yake ilishindwa. Waamuzi wa tuzo hawakumtafuta mfungaji, kwa kuwa mechi haikuwa mikononi mwa wafungaji. Kazi ya mlinzi wa namna yake ni ngumu kuiona kutoka jukwaani. Amepewa mshambuliaji wa kumchunga, lakini mpira ukija kwa mwingine sharti aamue kwa nukta moja: nimwache huyu niende nikaudake, au nibaki? Akienda akaukosa, aliyeachwa yu peke yake na nguzo. Akibaki daima, hana faida kwa wenzake.

Kasoro ya mechi naiona pia, wala si vema kuificha. Timu ikisha kuwarudisha watu nyuma, siku ipatapo mpira haina wa kumpigia. Teke refu laangukia mahali ambapo wapinzani ni wengi, nalo larudi lilikotoka. Brisbane, mbele ya mashabiki wao, walivuka mstari mara tano tu kwa mchezo mzima. Hiyo ni bei kubwa mno ya kujilinda.

Ajabu ya mwaka 2022 ni kwamba ulikuwa na fainali mbili, kwa kuwa msimu ulihamishwa kutoka mwanzo wa mwaka hadi mwisho wake. Katika fainali ya kwanza, tarehe 9 Aprili, Melbourne walishindwa na Adelaide kwa pointi 29 kwa 16. Linganisha. Mwezi wa Aprili Melbourne walipata pointi 16 wakashindwa. Novemba walipata 19 wakawa mabingwa. Ushambuliaji wao uliongeza pointi tatu tu. Kilichobadilika sana ni kile walichowaachia wapinzani: kutoka 29 hadi 15. Nahodha wao, Daisy Pearce, ambaye kazi yake ya kwanza ilikuwa ukunga, alikuwa nahodha wa timu hiyo ligi ilipoanza, na baada ya ushindi huo akastaafu kucheza.

Na atakayeshikilia bado kwamba wanawake hawajui kufunga, na aitazame fainali ya tarehe 31 Machi 2019. Mbele ya watazamaji 53,034, Adelaide waliwashinda Carlton kwa pointi 63 kwa 18, magoli kumi kwa mawili. Ligi ni ile ile, na mpira ni ule ule. Siku ile Carlton hawakuweza kuifunga njia, na Adelaide wakapita.

Tangu Springfield wako walioujifunza ulinzi bila kulipa bei ile waliyolipa Brisbane. Katika fainali ya tarehe 30 Novemba 2024, North Melbourne walijilinda kwa ukali ule ule, lakini walipoupata mpira walikuwa na watu mbele wa kuupokea. Walifunga magoli sita na pointi moja-moja tatu, jumla 39. Brisbane, waliokuwa mabingwa wa 2023, walipata pointi tisa, na ndani yake goli moja tu.