Endara si Kinanda cha Mbao

Mwaka jana nilipanga wimbo mmoja wa Tenzi za Rohoni upigwe kwa endara, marimba makubwa ya Wakonzo, katika ibada ya shukrani karibu na Bwera. Soprano nilimpa mpigaji wa kwanza, alto wa pili, tena wa tatu, besi wa nne. Mbao hazikuwa na sauti za kutosha kwa fa na ti, basi tukachonga mbili zaidi kwa kufuata kinanda. Mzee mmoja, mpigaji wa miaka mingi, alisikiliza beti mbili akaweka vijiti chini. Akaniuliza kwa Lukonzo kama endara inaumwa.

Sikuwa na jibu siku ile. Sasa naona kosa halikuwa katika uchongaji tu. Nilidhani kupanga wimbo ni kugawa noti. Lakini mbao za endara hulazwa juu ya vigogo vya migomba, wapigaji wakikabiliana, na mmoja hupiga katika pengo aliloacha mwenzake. Lahani haimo mkononi mwa yeyote. Huzaliwa katikati yao. Amadinda ya Baganda pia husukwa hivyo. Joseph Kyagambiddwa alieleza muziki wa Buganda katika kitabu chake cha mwaka 1955, na oratorio yake ya Mashahidi wa Uganda, ya mwaka 1964, ilijengwa kutoka ndani ya muziki huo. Mimi nilibandika.

Kuna pia suala la lugha, ambalo sisi wa Kiswahili hatuna udhuru wa kulipuuza. Lukonzo ni lugha ya toni: ukiimba tafsiri yake kwa lahani ya Uingereza, sauti hupanda pale neno linaposhuka. Kiswahili hakina toni, kina mkazo, nao hukaa katika silabi ya pili kutoka mwisho. Katika “Mwokozi” ni “ko” inayostahili pigo zito. Lahani ya kigeni mara nyingi huliangusha pigo hilo kwenye “mwo” au “zi”, na koo la mwimbaji hulainisha kasoro. Ubao haulainishi kitu. Unagonga, na kosa linasikika hadi nje ya kanisa. Wanaovuka mpaka pale Mpondwe kutoka Kongo, ambao Kinande chao ni ndugu wa Lukonzo, nao huimba kwa Kiswahili. Kwa hiyo hili si tatizo la darasani peke yake.

Dawa, kwa maoni yangu, ni kuanza na maneno: mkazo uamue pigo, wapigaji wawili wasuke lahani kwa sauti za mbao zilizopo, na zile sauti nne tuwaachie waimbaji.

Najua pingamizi. Bibi yangu hatautambua wimbo wake. Lahani ile ya kigeni ameiimba tangu utotoni, kwenye harusi na matanga. Kumwambia si yake ni ufidhuli. Hata jina la Omusinga wa Rwenzururu, Charles Wesley Mumbere Irema-Ngoma, limebeba mtunzi wa tenzi wa Uingereza na ngoma kwa pamoja, wala halijapasuka. Ndiyo maana lahani yake nimeiacha kinywani mwa kwaya katika ubeti wa kwanza, endara ikiwa kimya.

Mbao mbili za nyongeza nimeziondoa. Mzee amekubali kuja Jumamosi, ila atakuja na vijiti vyake mwenyewe.